Kupima kasi ya figo kwa dawa yenye mionzi: mwongozo kamili kwa mchangiaji anayetoka Nyanda za Juu Kusini

Mwongozo huu ni wa mtu mzima mwenye afya yake, awe wa Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe, ambaye figo za ndugu yake zimeshindwa na yeye amejitolea kutoa moja ya zake. Utawafaa pia manesi na watu wa maabara wanaomwandaa mtu huyo.

Upandikizaji wa figo hapa nchini ulianza Muhimbili mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Kabla mchangiaji hajafika chumba cha upasuaji, madaktari wanataka kujua figo zake mbili zinachuja kiasi gani, na moja itakayobaki itamtosha au la. Njia mojawapo ya kupata jibu la uhakika ni kumchoma dawa yenye mionzi kidogo, kisha kufuatilia inavyoondoka kwenye damu. Vitengo vya tiba ya nyuklia vipo Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza. Kwa wengi wetu huku kusini, hiyo maana yake ni safari ya Dar.

Nitangulize jambo ambalo wengi hawaambiwi. Makosa ya kawaida zaidi kwenye kipimo hiki huifanya figo ionekane bora kuliko ilivyo. Kwa mgonjwa huo ni usumbufu. Kwa mchangiaji ni hatari, kwa sababu anaweza kuruhusiwa kutoa figo aliyokuwa anaihitaji. Kwa hiyo sehemu ya sindano nimeieleza kwa kirefu kuliko sehemu ya mashine.

Kwa nini kreatinini peke yake haitoshi

Figo mbili za kijana mwenye afya huchuja takriban mililita 100 hadi 125 za majimaji ya damu kila dakika. Kwa siku nzima hizo ni lita 144 hadi 180, na karibu zote hurudishwa mwilini; mkojo unaotoka ni lita moja au mbili tu. Kasi hiyo ya mchujo ndiyo inayoandikwa GFR kwenye karatasi ya majibu.

Hospitali nyingi hazipimi GFR, zinaikadiria. Wanachukua kreatinini ya damu (taka ambayo figo huitoa), umri na jinsia, wanaingiza kwenye fomula, mara nyingi ile ya CKD-EPI ya 2021. Tatizo ni kwamba kreatinini hutokana na misuli. Chukua kijana wa miaka 30 anayepakia lumbesa za viazi pale Isyonje, kreatinini yake ni mikromoli 115 kwa lita. Fomula itampa GFR ya 76 hivi na kumtia shaka bure, kumbe pengine ana misuli mingi tu. Sasa mchukue mama wa miaka 62, mwembamba, kreatinini 62. Fomula itampa 98, na kila mtu atafurahi. Huyo wa pili ndiye anayenitia wasiwasi zaidi: misuli ikiwa michache, kreatinini hubaki chini hata figo zikiwa zimechoka.

Dawa inayopimia hutibu tatizo hilo kwa kuacha misuli pembeni. Kinachotakiwa ni kitu kinachochujwa na figo tu, kisichoshikana na protini za damu, kisichorudishwa wala kuongezwa na mirija ya ndani ya figo. Mwanafiziolojia Homer Smith wa New York na wenzake walitumia inulini, sukari ya mimea, na hadi leo ndiyo kipimo cha kulinganishia vingine. Lakini inulini inataka dripu ya muda mrefu na mkojo wa kukusanywa kwa dakika, kazi ambayo hakuna kliniki yenye foleni inayoiweza. Ndipo zikaja dawa zenye mionzi. EDTA yenye kromiamu-51 ilitamba Ulaya kwa miongo mingi, na Marekani walipenda aiothalameti yenye aidini-125. Kwetu utakayokutana nayo zaidi ni DTPA (kemikali inayochujwa na figo) iliyofungwa na teknesiamu-99m (ndiyo yenye mionzi), kwa sababu teknesiamu hukamuliwa palepale hospitalini kutoka kwenye jenereta ya molibdenamu, na nguvu yake hupungua nusu kila baada ya saa sita.

Hatua ya kwanza: kabla hujapanda basi

Maliza vipimo vya msingi hukuhuku: presha, sukari, mkojo, kreatinini na ultrasound ya figo. Mtu mwenye protini nyingi kwenye mkojo hana sababu ya kwenda kulipia kipimo cha mionzi Dar.

Mwambie daktari dawa zote unazotumia, na usione haya kutaja za kibandani. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu wa shamba humeza kama pipi kwa ajili ya mgongo, hupunguza mchujo. Mitishamba nayo itajwe. Dawa za presha usiziache kwa uamuzi wako. Daktari ndiye atakayesema. Mwanamke apime mimba kwanza, kwa sababu ya mionzi na pia kwa sababu mimba huongeza mchujo kwa karibu nusu nzima, hivyo namba haina maana. Anayenyonyesha aseme mapema. Vituo vingine humwelekeza akamue na kumwaga maziwa ya saa chache za mwanzo.

Chakula: jioni ya kuamkia kipimo na asubuhi yake, acha nyama choma na kitimoto. Mlo mzito wa nyama hupandisha kasi ya mchujo kwa saa kadhaa, na nyama iliyopikwa sana huongeza kreatinini kwenye damu. Ugali na maharage, au wali kwa mboga, vinatosha. Kahawa pia iache asubuhi hiyo, kwani vituo vingi huomba hivyo.

Kuhusu maji, kuna mtego ambao mwongozo wa Ulaya hautakuambia. Basi linatoka stendi ya Nane Nane, Mbeya, alfajiri, na Dar ni zaidi ya kilomita 800. Abiria wengi, hasa akina mama, hawanywi kitu njia nzima ili wasilazimike kuomba dereva asimame watu wachimbe dawa. Unafika Mbezi usiku, umekauka, joto la Dar linakupokea, na asubuhi unawahi foleni. Mwili uliokauka huchuja kidogo. Fika angalau siku moja kabla, lala, kunywa maji kwa kawaida yako. Asubuhi ya kipimo glasi mbili hivi zinatosha, kisha uendelee kidogokidogo. Kujijaza lita tatu kwa mkupuo hakuboreshi figo.

Hatua ya pili: mizani na rula

Pimwa uzito na urefu siku hiyohiyo, bila viatu, bila sweta wala koti. Usitaje urefu wa kwenye kitambulisho. Namba hizi mbili hutumika kukokotoa eneo la ngozi ya mwili, na majibu ya mwisho hurekebishwa yawe kana kwamba kila mtu ana mita za mraba 1.73. Kosa hapa halionekani tena baadaye, limeshaingia kwenye jibu.

Hatua ya tatu: sindano

Njia ya damu inafanya kazi hivi: ukimwaga kiasi kinachojulikana cha rangi kwenye tangi la maji linalovuja huku likijazwa, kasi ya rangi kufifia itakuambia tangi linabadilisha maji kwa haraka kiasi gani. Lakini ni lazima ujue kwa uhakika uliingiza rangi kiasi gani. Ukisema uliingiza kikombe kizima kumbe robo imemwagika pembeni, rangi itaonekana imefifia mno, na utadhani tangi linafanya kazi ajabu.

Kwa hiyo mambo yanayotakiwa kufanyika mbele yako ni haya. Bomba lenye dawa linapimwa kwenye mizani nyeti kabla ya kuchoma, na linapimwa tena baada ya kuchoma, ili masalia yatolewe kwenye hesabu. Kituo kingine kitapima mionzi ya bomba badala ya uzito. Ni sawa pia. Kabla dawa haijaingia, nesi aweke kanula (kijibomba cha plastiki kinachobaki mshipani) na kuijaribu kwa maji ya chumvi. Maji yapite bila kubana, mshipa usivimbe. Dawa ikishaingia, kanula isukumwe tena kwa maji ya chumvi ili kisibaki kitu kwenye plastiki. Saa iandikwe wakati huohuo, kwa dakika.

Hapo ndipo tabia yetu ya heshima inapoharibu kipimo. Mtu anachomwa, anahisi moto kwenye ngozi, anaona kinundu kinainuka pembeni ya kanula, nesi anamuuliza, "Kaka, uko sawa?" naye anajibu, "Hamna shida, dada." Shida ipo. Dawa imeingia nyamani badala ya mshipani. Sema papo hapo: "Dada, panawaka na pamevimba." Kama asilimia 10 ya dawa imebaki mkononi na hesabu ikaendelea kana kwamba yote imeingia, GFR itapanda kwa zaidi kidogo ya asilimia 10. Mtu wa 82 ataandikwa 91, na kwa mchangiaji tofauti hiyo ndiyo inayofungua au kufunga mlango. Sindano iliyovuja hairekebishwi kwa hesabu. Kipimo kinaahirishwa hadi siku nyingine.

Hatua ya nne: kutoa damu

Dawa inahitaji muda wa kusambaa mwilini kabla mteremko wake, yaani kasi ya kupungua kwenye damu, haujawa wa figo peke yake. Kwa mtu mwenye figo nzima, damu huchukuliwa dakika 120, 180 na 240 baada ya sindano. Kituo kinaweza kuongeza sampuli au kusogeza dakika kidogo. Sampuli mbili hutosha kwa hesabu, lakini ya tatu ndiyo inayokuonyesha kama moja kati yake imeharibika, kwa hiyo mimi ningedai tatu.

Damu itoke mkono mwingine, si ule uliochomwa dawa. Kinachoandikwa ni dakika ambayo damu imetoka kweli, si ile iliyopangwa kwenye ratiba. Kuchelewa dakika kumi hakuna madhara yoyote kama kumeandikwa. Kusipoandikwa, sampuli ya kwanza iliyochelewa hivyo inaweza kuinua jibu kwa asilimia 5. Kitu kingine kidogo lakini kinauma: fomu nyingi hutumia saa za kizungu, na sisi tunasema saa tatu asubuhi. Ukiulizwa umechomwa lini, mtu mmoja akiandika 3:05 na mwingine 09:05 kwenye karatasi moja, kuna siku mtu wa hesabu atakosea. Wakubaliane mfumo mmoja na waandike kwa saa ileile ya ukutani.

Katika kusubiri unaweza kutembea taratibu, kunywa maji, kula kitu chepesi. Usiende kuzunguka Kariakoo. Nenda haja ndogo mara kwa mara.

Hatua ya tano: maabara

Hii ni kwa wenzangu wa maabara. Mchangiaji anaweza kuruka. Zungusha damu, toa plazima (majimaji ya damu), pima kwa pipeti ujazo uleule kwa kila sampuli. Andaa sampuli ya kulinganishia kutoka kwenye dawa ileile, ikiwa imepunguzwa makali kwenye chupa ya lita moja, na isomwe kwenye kaunta ya gama (mashine ya kuhesabu mionzi) pamoja na plazima, katika mzunguko mmoja. Teknesiamu haisubiri mtu: ukiichelewesha sampuli ya kulinganishia kwa saa moja bila kurekebisha, imeshapoteza karibu asilimia 11 na GFR itashuka kwa kiasi hichohicho. Hakikisha pia DTPA imefungana vizuri na teknesiamu, angalau asilimia 95, kabla haijaenda kwa mtu. Usomaji wa damu tupu iliyochukuliwa kabla ya sindano uondolewe kwenye kila hesabu.

Hatua ya sita: hesabu yenyewe

Tuchukue mchangiaji wa kufikirika, kilo 62, sentimita 168. Eneo lake la mwili kwa fomula ya DuBois ni mita za mraba 1.70.

Dawa iliyoingia, baada ya kutoa masalia, ni sawa na mapigo 36,000,000 ya kaunta kwa dakika. Plazima ilitoa, kwa kila mililita, mapigo 1,000 kwenye dakika ya 120, mapigo 660 kwenye dakika ya 180, na 435 kwenye dakika ya 240. Chukua logi asilia za namba hizo, zipange dhidi ya muda. Zinalala kwenye mstari mmoja, dalili njema. Mteremko wake ni 0.00694 kwa dakika, yaani dawa inapungua nusu kila dakika 100.

Rudisha mstari nyuma hadi dakika ya sifuri: mapigo 2,299 kwa mililita. Gawa 36,000,000 kwa 2,299, unapata mililita 15,659, ujazo ambamo dawa imesambaa. Zidisha kwa mteremko, unapata mililita 108.6 kwa dakika. Rekebisha kwa mwili: 108.6 mara 1.73 gawa kwa 1.70, ni 110.5.

Bado hatujamaliza. Hesabu hii imepuuza saa mbili za mwanzo, wakati dawa ilikuwa inashuka kwa kasi zaidi, kwa hiyo 110.5 ni kubwa mno. Kuna marekebisho ya Bröchner-Mortensen ya mwaka 1972: zidisha 110.5 kwa 0.990778, kisha toa 0.001218 mara mraba wa 110.5. Jibu ni 94.6. Kituo kingine hutumia marekebisho ya Chantler, kuzidisha kwa 0.93 tu, na hapo jibu ni karibu 103. Damu ileile, mtu yuleyule, majibu mawili. Ndiyo sababu karatasi isiyosema imetumia marekebisho gani, au isiyorekebisha kabisa, mimi siiamini kwa mchangiaji aliye mpakani.

Njia ya kamera

Huenda kituo kikakulaza chini ya kamera ya gama badala ya kukutoa damu. Wanapiga picha figo zikipokea dawa katika dakika chache za mwanzo na kukadiria GFR kwa njia ya Gates ya mwaka 1982. Ni ya haraka, lakini kwa namba ya jumla ni dhaifu: kina cha figo mgongoni hukadiriwa tu, na mtu mnene au mwembamba sana hupotoshwa.

Ubora wa kamera uko kwenye kitu kingine. Inaonyesha kila figo inabeba sehemu gani ya kazi. Kwa kawaida mgawanyo uko kati ya 45 na 55 kwa mia kila upande. Ikiwa kulia ni 42 na kushoto 58, basi desturi ni kutoa dhaifu na kukuachia bora. Kwa hiyo, ukiweza, omba vyote viwili: damu kwa namba ya jumla, kamera kwa mgawanyo.

Mionzi ni kiasi gani?

Kwa njia ya damu pekee, megabekereli 10 hivi (kipimo cha nguvu ya dawa) zinatosha, na mwili hupokea takriban milisiveti 0.05 (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini). Picha za kamera hutumia zaidi. Kwa megabekereli 150 ni kama 0.7. Mionzi ya asili ya ardhini, angani na kwenye chakula humpa mtu wastani wa 2.4 kwa mwaka duniani. Kwa figo nzima, sehemu kubwa ya dawa hutoka na mkojo siku hiyohiyo. Vuta maji vizuri chooni, nawa mikono, na unaweza kulala nyumba moja na watoto. Vyanzo vya mionzi nchini vinasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, yenye makao Arusha, kwa sheria ya mwaka 2003.

Hatua ya saba: kusoma namba

Miongozo ya kimataifa ya KDIGO ya 2017 inasema GFR ya 90 au zaidi inakubalika kwa kuchangia, chini ya 60 haikubaliki, na katikati hapo kila mtu anaangaliwa kivyake: umri, presha, historia ya familia. Umri una uzito mkubwa. Vipimo vya wachangiaji wa Uingereza vilionyesha wastani wa 103 hivi hadi miaka 40, kisha mchujo ukashuka kwa takriban 9 kila miaka kumi. Kwa hiyo 85 ya mzee wa miaka 60 haina ubaya wowote wa ajabu, ila 85 ya binti wa miaka 24 inanifanya niulize, maana ana miaka mingi mbele ya kuishi na figo moja. Baada ya kutoa, figo inayobaki hujiongeza, na jumla hutulia kwenye asilimia 60 hadi 70 ya ile ya awali.

Usibishane na namba ndogondogo. Mtu yuleyule akipimwa mara mbili, majibu yanaweza kupishana kwa asilimia 5 hadi 8 bila chochote kubadilika. Kati ya 94 na 99 hakuna habari. Kati ya 94 na 75 ipo.

Jibu likipishana sana na kreatinini, usikimbilie kuamini lililo zuri. Uliza kwanza kuhusu mkono: ulivimba? Halafu kuhusu mstari: sampuli tatu zilipangana, au moja ilikaa pembeni? Ujazo uliopatikana nao unasema. Kwa mchangiaji wetu wa kilo 62 tulipata lita 15.7, kingetokea kitu kama lita 22, bila uvimbe wowote mwilini, dawa pengine haikuingia yote. Katika hali hiyo kipimo kirudiwe baada ya siku mbili au zaidi, teknesiamu ya kwanza ikiwa imekwisha.

Kabla ya kurudi nyumbani omba nakala yenye vitu hivi: jina la dawa iliyotumika, uzito na urefu, dakika halisi za kila sampuli, GFR kabla na baada ya kurekebisha kwa eneo la mwili, na aina ya marekebisho. Kreatinini ya siku hiyo iandikwe kwenye karatasi hiyohiyo. Nakala moja ibaki kwako, nyingine ipeleke kwenye faili lako Mbeya au Iringa, kwa sababu huko ndiko utakakopimwa kreatinini kila mwaka baada ya kutoa figo, na daktari wa huko atahitaji kujua kreatinini yako ilisomeka ngapi siku ambayo GFR yako ilijulikana kwa uhakika.